Jiko la presha la umeme la lita 6 kwa jikoni za Arusha na Moshi: maharage, makande, mtori na viporo vyake

Kwa nyumba ya watu wanne hadi sita inayokula maharage, makande au supu ya mifupa mara tatu kwa wiki au zaidi, jiko la presha la umeme la lita 6 linajilipa. Kwa Arusha linajilipa mapema kuliko Dar es Salaam. Nyumba inayoshinda kwa ugali, chapati na mboga za majani ibaki na jiko lake la gesi, maana hili halitaisaidia.

Ninalozungumzia hapa ni lile la kawaida lililojaa madukani: wati 1000, sufuria ya ndani ya alumini yenye mpako mweusi usioshika chakula, vitufe mbele, mfuniko wa kuzungusha na valvu ya kutolea mvuke juu yake. Chapa ni nyingi na sura zinatofautiana, lakini ukifungua ndani karibu yote yanafanya kazi kwa namna moja.

Arusha ina faida zaidi kwa sababu ya mwinuko. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Moshi iko chini zaidi, kwa hiyo maji yake huchemka karibu na nyuzi 97. Tofauti hiyo huioni kwenye mchicha, lakini maharage makavu na mahindi yanaijua vizuri: ongeza mkaa utakavyo, maji ya sufuria ya kawaida hayapandi zaidi ya hapo, na wewe unabaki kuongeza maji na kusubiri. Ndani ya jiko la presha mvuke umebanwa, joto linafika kama nyuzi 112, na muda wa kuivisha unashuka hadi theluthi moja au chini yake.

Mwinuko huohuo ndio unaofanya watu walilaumu jiko bila kosa. Muda ulioandikwa kwenye kijitabu, na ule uliowekwa kwenye kitufe cha maharage, ni wa mahali palipo karibu na usawa wa bahari. Arusha ongeza kama sehemu moja ya saba: dakika 20 ziwe 23, dakika 35 ziwe 40. Moshi mjini dakika moja kwa kila ishirini inatosha. Ukipanda Marangu au juu ya Machame, hesabu kama Arusha au zaidi kidogo. Muda nitakaoutaja kuanzia hapa ni wa Arusha, na unahesabiwa baada ya presha kujaa, si tangu ulipobonyeza kitufe. Kujaa kwenyewe huchukua dakika 15 hadi 25 kulingana na wingi na ubaridi wa maji, na hapo ndipo matangazo yanapodanganya yanaposema maharage ya dakika kumi na tano.

Tuanze na maharage, maana hapo ndipo jiko linapoonyesha thamani yake. Chukua vikombe vitatu vya robo lita, karibu gramu 600, chambua, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea, suuza, tia maji mapya yazidi maharage kwa kimo cha vidole viwili. Chungulia mstari wa ndani: chakula kinachovimba na kutoa povu, yaani maharage, mahindi, choroko, dengu, hakitakiwi kuvuka nusu ya sufuria pamoja na maji yake. Lita 6 za kwenye boksi kwa maharage ni lita 3 tu. Anayejaza hadi shingoni atapata povu linalopanda hadi kwenye valvu, maganda yanakwama humo, na siku nyingine mvuke hautoki sawasawa. Kijiko kimoja cha mafuta ya kula ndani ya maji kinapunguza povu sana. Usikiache.

Maharage yaliyolowekwa yanataka dakika 17 hadi 20. Yasiyolowekwa 38 hadi 42, na hayaivi kwa usawa: mengine yamepasuka, mengine yana kiini kigumu. Yakikaa ghalani mwaka mzima kwenye joto na unyevu huwa sugu, na hayo hata presha inahangaika nayo. Ukinunua sokoni Kilombero au Mbuyuni, uliza ni ya msimu gani kabla ya kuuliza bei. Aina kubwa zenye madoa mekundu, kama Lyamungu 90, huiva mapema na kutoa mchuzi mzito. Yale madogo meusi au mekundu sana yaongezee dakika tano.

Nyanya, ndimu na ukwaju visiingie wakati huu. Uchachu unakaza ganda, na ndiyo sababu maharage "yanakataa" kuiva hata baada ya saa nzima. Chumvi haina shida. Magadi, ambayo wengi wetu tumezoea kuyatia ili kuwahisha, hapa hayana kazi. Yanaua vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni mkono ukizidi. Kuyaacha ni faida ya wazi ya jiko hili.

Muda ukiisha, usifungue valvu. Chomoa, liache dakika 15 presha ishuke yenyewe. Ukiifungua ghafla, maji yaliyo ndani ya punje huchemka kwa nguvu, maharage yanapasuka na mchuzi wa povu unarushwa hadi ukutani. Subiri kile kipini kidogo cha mfuniko, kinachopanda presha ikijaa, kishuke ndipo uzungushe.

Ile sufuria ni ya milo mitatu, na hapa ndipo fedha inapookolewa kweli, kuliko hata kwenye umeme. Wa kwanza ni maharage ya nazi: theluthi moja pamoja na mchuzi wake, uyaunge pembeni kwenye kikaango kwa vijiko viwili vya mafuta, kitunguu kimoja, nyanya mbili zilizoiva hadi mafuta yajitenge, karoti moja iliyokwaruzwa, na nusu kikombe cha tui mwishoni. Kiungo cha kukaanga kisifanyiwe ndani ya jiko la presha. Moto wake unawaka na kuzima wenyewe, kwa hiyo kitunguu kinachemka badala ya kukaangika.

Wa pili ni kiburu. Menya ndizi mshare kumi na mbili mbichi, jipake mafuta mikononi kwanza ili utomvu usigande, uzitumbukize kwenye maji zisiwe nyeusi. Chini ya sufuria tia vikombe viwili vya maji, kisha ndizi, kisha maharage kiporo juu kabisa. Usikoroge. Maharage yaliyolala friji yana mchuzi mzito kama uji, na yakikaa chini yanashika sehemu ya joto, yanaungua kabla mvuke haujatosha, na jiko linazima lenyewe au kuandika alama ya hitilafu. Dakika 9 zinatosha. Fungua, tia chumvi na kijiko cha samli, ponda kwa mwiko wa mbao hadi ndizi nusu zivunjike na nusu zibaki. Mshare ndiyo yenyewe hapa. Mzuzu unaleta utamu usiohitajika, na kisukari kikipikwa kinalegea ovyo.

Yanayobaki, kama vikombe viwili, yachuje vizuri (mchuzi wake weka kwa supu ya mboga), yaponde pamoja na viazi viwili vilivyochemshwa, kitunguu kilichokatwa vidogo, giligilani na pilipili kidogo. Upate katlesi za maharage kwa chai ya asubuhi. Zikivunjika kwenye mafuta, tatizo ni unyevu: rudisha rojo kwenye kikaango kikavu dakika tano moto mdogo likauke kabla ya kufinyanga, kisha chovya kwenye yai. Kuongeza unga ndiyo dawa ya haraka inayoharibu ladha. Vijiko viwili vya ngano viwe mwisho.

Kuhusu makande, kosa la kila mtu ni kutia mahindi na maharage pamoja. Kwenye sufuria ya kawaida inawezekana kwa sababu unaonja na kuongeza maji. Ndani ya presha huoni kitu, na mahindi yanahitaji karibu mara mbili ya muda wa maharage. Matokeo yake ni mahindi magumu ndani ya rojo la maharage. Loweka kila kimoja kwenye chombo chake. Anza na vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa na vikombe vitano vya maji, dakika 28. Mahindi hayatoi povu kama maharage, kwa hiyo hapa unaweza kutoa mvuke kwa valvu, kidogo kidogo, uso ukiwa mbali. Tia kikombe kimoja cha maharage yaliyolowekwa, hakikisha maji bado yanafunika, funga tena dakika 20, na safari hii acha presha ishuke yenyewe. Mahindi yasiyokobolewa yaanze kwa dakika 40.

Pale unapofungua katikati, kabla maharage hayajaingia, ni wakati mzuri wa kuchota kikombe kimoja na nusu cha mahindi matupu na kuyaweka pembeni. Yakipoa, yahifadhi friji. Kesho yake yachanganye na maziwa mgando upate kifungua kinywa cha namna ya loshoro bila kuwasha moto wowote. Wengi wanaochemsha kila kitu pamoja wanaipoteza nafasi hii.

Makande kiporo hunyonya mchuzi wote usiku na kuwa kigae. Usiyarudishe kwenye presha. Yapashe kwenye sufuria ya kawaida, moto mdogo, ukiongeza nusu kikombe cha maziwa au tui kwa kila vikombe viwili, ugeuze kwa kuinua kutoka chini.

Mifupa ni habari nyingine nzuri. Kilo moja ya mifupa ya ng'ombe yenye nyama kidogo, vikombe sita vya maji, tangawizi, kitunguu, chumvi: dakika 55 hadi saa moja. Kwato saa moja na nusu. Supu haivimbi, kwa hiyo hapa unaruhusiwa kufika theluthi mbili za sufuria. Siku ya kwanza ni supu ya ndimu. Siku ya pili, bandua nyama iliyobaki kwenye mifupa, pima vikombe vinne vya supu, tia mshare kumi zilizokatwa vipande na kitunguu, dakika 11, kisha ponda, upate mtori kutoka kwenye kitu ambacho wengine wangemwaga. Mtori ukishapondwa usifunge tena mfuniko wa presha. Uzito wake hautoi mvuke wa kutosha, utaungua chini. Mwiko wa chuma nao usiingie. Ukiukwaruza ule mpako mweusi, mwezi wa pili chakula kinaanza kushika na sufuria ya ndani peke yake ni ghali kuipata.

Wali wa kawaida unaiva, lakini siusifii: unatoka laini na wenye kushikana, mzuri kwa watoto na wagonjwa, mbaya kwa pilau. Wali kiporo ndio unaopendeza. Weka bakuli la bati juu ya kile kistuli cha waya, kikombe kimoja cha maji chini, dakika 3. Unarudi kama uliopikwa sasa hivi, bila mafuta.

Sasa LUKU. Kupandisha lita tatu za maji na chakula kutoka ubaridi wa bomba hadi joto la presha kunahitaji karibu theluthi moja ya uniti. Ukijumlisha joto linalopotea na muda wa kushikilia, sufuria moja ya maharage au supu inakula nusu uniti hivi. Makande, kwa kuwa unafunga mara mbili, kidogo zaidi. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, uniti ikiwa karibu shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, hiyo ni chini ya shilingi 200 kwa milo mitatu ya maharage. Linganisha na mkaa unaochoma kwa saa mbili na nusu kwa bei ya mtaani kwako. Sidhani utahitaji kikokotoo.

Walio kwenye tarifa ndogo ya majumbani wawe makini zaidi. Tarifa hiyo inabeba uniti 75 za bei nafuu kwa mwezi, na kila inayozidi inapanda bei zaidi ya mara tatu. Jiko likiwashwa mara moja kila siku linaongeza uniti 15 hivi. Kama sasa unatumia 50, uko salama. Kama unatumia 68, utavuka. Na kile kitufe cha kubakiza joto, ambacho hujiwasha chenyewe muda ukiisha, kikiachwa hadi asubuhi kinaendelea kula uniti bila sababu. Kizime.

Umeme ukikatika katikati ya mapishi, usifungue. Jiko lina ganda linalohifadhi joto, na maharage yaliyokuwa yamebakiza dakika tano au sita mara nyingi yanamalizikia hapohapo ukiyaacha nusu saa. Umeme ukichelewa kurudi, subiri presha ishuke, hamishia chakula kwenye sufuria nyingine, umalizie kwa gesi au mkaa. Ile sufuria ya ndani usiithubutu kuiweka juu ya moto. Kitako chake kimetengenezwa kilale sawasawa juu ya sahani ya joto. Kikipinda kidogo tu, joto halipiti vizuri tena na jiko zima linakuwa bovu kwa kosa la siku moja. Angalia pia lisiwe la aina inayosahau kazi umeme ukirudi huku wewe ukidhani linaendelea. Mengi husahau.

Chakula kilichozimikiwa hivyo ndicho kiporo hatari kuliko vyote, kwa sababu kinabaki vuguvugu kwa saa nyingi chini ya mfuniko uliofungwa. Ndani ya saa mbili baada ya kuiva, kitoe, kigawe kwenye vyombo vifupi vipana, kipoe haraka, kiingie friji. Maharage na makande hukaa siku tatu, wali siku moja, mbili mwisho. Wali hasa usiudharau: vijidudu vyake huacha sumu isiyoondoka hata ukiuchemsha tena, kwa hiyo uliolala nje usiku kucha unamwagwa. Nyumba isiyo na friji ipike nusu ya vipimo nilivyotoa, milo mitatu iwe ya siku moja.

Jambo la mwisho la usalama ni maharage mekundu. Yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko kamili tu. Presha inaiharibu bila wasiwasi, ila majiko mengine yana kitufe cha kupika polepole kwa saa nane, na joto lake huenda lisifike kiwango kinachotakiwa. Kitufe hicho kisipikie maharage mabichi, hata yawe yamelowekwa siku nzima.

Utunzaji ni mfupi. Ule mpira wa mfuniko uvue na kuuosha kila baada ya kupika, maana unanyonya harufu. Wali wenye harufu ya kwato ni kazi yake. Kifuniko kidogo cha matundu kilicho chini ya valvu kitoe na kukisugua kwa mswaki wa zamani. Kabla ya kurudisha sufuria ya ndani, pangusa kitako chake na sahani ya joto: punje moja ya wali katikati yake inatosha kuleta alama ya hitilafu au kuunguza upande mmoja. Mvuke ukianza kutoka pembeni mwa mfuniko na kipini hakipandi, tisa kati ya kumi ni mpira: umekaa upande, umechafuka, au umelegea. Utahitaji mpya baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu wa matumizi ya kila siku.

Wanaokaa mitaa yenye kukatikakatika umeme wafikirie sufuria ya presha ya kuweka juu ya gesi. Ni rahisi kuinunua, ina vitu vichache vya kuharibika, hasa mpira na filimbi, na vipimo vyote vya hapa vinafaa. Inachodai ni mtu wa kukaa karibu na kupunguza moto filimbi ikianza. Kama anayepika ni binti wa kazi ambaye pia anaangalia mtoto, la umeme ni salama zaidi, kwa kuwa linapunguza joto lenyewe muda ukiisha.

Dukani, kabla hujalipa, omba lichomekwe na kujazwa vikombe viwili vya maji. Ndani ya dakika kumi au zaidi kidogo kipini kipande, mvuke ukome, na mfuniko ukatae kabisa kuzunguka. Angalia sufuria ya ndani ina mistari ya nusu na theluthi mbili. Hakikisha plagi ina pini tatu, na usiichomeke kwenye waya mwembamba wa kuunganishia wenye friji na pasi juu yake. Kisha uliza bei ya mpira wa akiba wa jiko hilohilo. Muuzaji asipokuwa nao na asiweze kukwambia unapatikana wapi, ingia duka la jirani.